Gia ya Korona ya Mnyuzi

Wakati ule mashirika ya umma yakiuzwa kama karanga, shamba letu la mkonge Mnyuzi nalo lilipata mnunuzi. Korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge yabaki nyuzi, ilikuwa imesimama kwa gia moja iliyong'oka meno. Mnunuzi akasema wazi: ikipatikana gia, kazi zinarudi, isipopatikana, kila mtu akalime kwake. Mwinjuma, fundi wa korona, akazunguka kila karakana, akarudi mikono mitupu.

Ndipo akaja Injinia Habakuki na tanuri la kisasa la kuyeyushia chuma. La zamani, alituambia, ni refu kama mnara na linataka makaa ya mawe yaliyookwa kwanza. Lake ni fupi kama pipa la maji la stesheni: unapuliza mchanga wa chuma na makaa mabichi ndani ya uji wa chuma, na oksijeni juu yake, chuma kinazaliana chenyewe.

"Uji wa kwanza unatoka wapi?" akauliza Kimaren, mfugaji aliyeleta mchanga mwekundu wa Handeni kwa punda.

"Kama mtindi, mzee. Unaanzia na wa jana. Tutayeyusha vyuma chakavu."

Tukatupia fremu za baiskeli na vipande vya reli. Uji ukachemka. Ila mchanga usingepulizwa kabla mgeni rasmi hajabonyeza kitufe; utepe ulishafungwa. Naye alikuwa bado Kilole, anazindua choo cha soko. Oksijeni, ambayo haikuweza kuzimwa uji usije ukaganda, ikazidi kuunguza uji, uji ukapungua.

"Ukiisha, tanuri limekufa!" Habakuki akapiga kelele. "Leteni chuma!"

"Si ubonyeze wewe?" akasema Asnath, mke wa Mwinjuma.

"Mama, nina familia."

Mwinjuma akaitazama korona. "Tutoe mguu mmoja. Mguu unaungika."

Baada ya mguu kuingia tanurini, kifuniko: hicho cha kuzuia vumbi tu. Baada ya kifuniko, ngoma yake ya visu: hiyo ilishachakaa.

"Mzee Mwinjuma," akasema Kimaren, "unachinja ng'ombe ili umvishe kengele?"

Alasiri mgeni rasmi akafika, akabonyeza. Chuma kikamiminwa kwenye kalibu, gia ikatoka na meno yaliyopangika hata punda wakafumba midomo kwa aibu.

"Hongereni! Haya, ifungeni tuone korona ikizunguka."

Mwinjuma alikuwa ameikumbatia gia kama mtoto mchanga.

"Korona iko wapi?" akauliza mnunuzi.

"Ndiyo hiyo aliyoishika, baba," akajibu Asnath.

Mgeni rasmi akapiga makofi, peke yake, kwa muda kidogo. Wiki iliyofuata Mwinjuma alikuwa Kwamsisi kwa wakwe zake, analima mahindi, na hataki kuulizwa.