Neno Kwenye Koti la Kahonzi

Kahonzi, binti aliyekuwa askari wa foresti upande wa Marafa, alimkuta shangazi yake Kabibi ndani ya uzio wa msitu wa serikali, akifunga mzigo wa kuni kavu kwa kamba ya ukindu.

"Shikamoo, shangazi. Kuni hizo ziache."

"Marahaba. Keti hapo kwanza, mwanangu, nikwambie jambo."

"Siketi. Niko kazini mimi."

Kabibi akamtazama, akafumba mdomo. Kwao habari ya kifo haitolewi kwa mtu wa damu akiwa wima njiani, aketishwe kwanza. Kahonzi aliijua mila hiyo tangu utotoni, lakini siku ile alivaa koti jipya la kijani, kifuani limetiwa neno foresti kwa uzi mweupe, na wenzake walikuwa wakimwangalia. Akazichukua kuni zote.

Jioni ndipo alipoambiwa. Ami yake Nyale amefariki, na kuni zile zilikuwa za hanga, yaani matanga yake.

Akaenda hangani moja kwa moja, na koti lake vile vile. Jikoni wanawake walikuwa wakipuliza moto wa makumbi mabichi ya nazi, ya kuombaomba kwa majirani. Macho yaliwaiva, na si kwa msiba peke yake.

"Foresti hiyoo!" akasema mzee Dzombo. "Ficheni hata miko!"

Watu wakacheka. Mtu akamuuliza mwalimu Musyoka, jirani yao, neno lile hasa lina maana gani.

"Siku hizi ni msitu tu," akasema. "Lakini Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na asili yake Kilatini, kwenye neno la 'nje'. Mfalme alitenga ardhi yake ya kuwindia, iwe na miti isiwe nayo, ikawa nje ya sheria za watu wote. Mnyonge akikata mti humo bila ruhusa, hushtakiwa."

"Kumbe nao walikuwa na Kahonzi wao!" akasema Dzombo.

Safari hii hakucheka mtu. Kahonzi akakunja mikono kifuani kuyafunika maandishi, akaenda jikoni.

"Shangazi, niwie radhi. Nipe kazi, hata ya kusugua masufuria."

Kabibi hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Akamshika mkono taratibu, akampeleka penye wageni waliotoka Barani. "Pumzika, umechoka na kazi." Akamletea wali kwenye sahani iliyofunikwa, akainama kumshikia birika anawe, yeye mkubwa wake.

Binti wa mji ule, kwenye hanga la ami yake, anaandaliwa kama mgeni. Kahonzi akanawa. Akala, hakuinua uso.