Kuku wenye Kibali

Jumatatu moja mwaka 1942, Bernadeta alikuwa akipalilia karanga zake huko Buswelu wakati trekta la jeshi lilipoingia shambani kutokea upande wa pili. Aliendelea kupalilia mpaka walipokutana katikati. Hapo akasogea pembeni, kwa kuwa trekta halikusogea.

Nkwabi, karani wa jeshi, mtu wa hapohapo Buswelu ila alivaa soksi ndefu, alimtafsiria maneno ya ofisa. Ndege za vita zilihitaji pa kutua.

"Linaazimwa tu, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Vita vikiisha utarudishiwa shamba lako."

"Umeahidi wewe au ameahidi yeye?"

"Yeye. Mimi natafsiri."

Shamba hilo Bernadeta na marehemu mumewe, Chenge, walikuwa wameling'oa visiki kwa miaka mitatu. Alihamia ng'ambo ya waya wa seng'enge. Kuku wake saba hawakuhama. Kila asubuhi walipita chini ya waya kwenda kuchakura walikozoea.

Ndege ya kwanza ilipoanza kukimbia kwenye changarawe, kuku walijipanga nyuma yake, wakakimbia, wakanyoosha shingo, wakapaa. Bernadeta aliwatazama mpaka wakapotea juu ya ziwa, kisha akarudi kusonga ugali. Walirejea siku ya tatu, alasiri, wamenenepa kidogo. Simu ya maandishi kutoka Entebbe ilieleza kwamba walilala huko na hawakumsumbua mtu.

Ofisa hakukasirika kwa sababu kuku waliruka. Alikasirika kwa sababu waliruka bila kibali. Nkwabi akaagizwa aandike vibali saba na kumfunga kila kuku namba mguuni. Alipouliza majina, Bernadeta akataja ya mawifi zake saba, kwa kuwa nao walikuwa hawatulii nyumbani.

Mwaka haukuisha kabla marubani hawajakataa kuvuka ziwa wakati wa mawingu bila kuku kutangulia. Kuku mmoja, Getruda, alitaga angani juu ya Ukerewe, akapewa barua ya onyo kwa kudondosha mzigo bila idhini. Bernadeta alisomewa barua hiyo, akaahidi kusema naye.

Vita vikaisha. Wanajeshi wakakunja mahema wakaondoka. Bernadeta akachukua jembe na mbegu, akaenda getini. Mlinzi alikuwa Ngosha, mtoto wa jirani yake.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Fungua, nimekuja kulima."

"Una kibali?"

"Cha kuingia shambani kwangu?"

"Sasa ni uwanja wa serikali, mayu. Anaingia mwenye kibali tu."

Wakati huo kuku walitokea upande wa ziwa, wakatua mmoja baada ya mwingine. Ngosha alisoma namba zao, akaziandika daftarini, akawapigia saluti.

Bernadeta alitembea hadi mjini Mwanza, kwenye ofisi alikohamishiwa Nkwabi. Karani alimkaribisha chai, kisha akatoa fomu pekee ya kibali iliyobaki.

"Upana wa mabawa?"

"Sina mabawa, Nkwabi. Unanijua."

Nkwabi akaandika "hana". Fomu haikuweza kwenda mbele zaidi ya hapo, akaigonga muhuri wa kukataliwa, taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

"Na ile ahadi ya ofisa?"

"Ofisa amerudi kwao."

"Ahadi nayo?"

"Hakuiacha ofisini, mayu. Nimeitafuta kwenye makabati yote."

Msimu uliofuata Bernadeta alipanda karanga katikati ya mawe, kwenye kipande chembamba kilichobaki kati ya nyumba yake na waya. Zilistawi kuliko alivyotegemea. Kabla ya mavuno Ngosha alimletea barua ya serikali, akamsomea akiwa amesimama: karanga zimeota karibu mno na njia ya kutua, azing'oe kabla kuku hawajarudi kutoka Kisumu.

Bernadeta alizing'oa siku hiyohiyo, kwa kuwa zilikuwa zimekomaa. Akazikaanga kwa chumvi, akampa Ngosha kikombe kimoja, naye akazila palepale getini huku geti limefungwa.