Besi ya Muhonja

Muhonja wa mtaa wa Mowlem hupiga selo, ile fidla kubwa ya kupigwa mtu akiwa amekaa. Jumamosi moja alifika kupiga muziki kwenye karamu ya mheshimiwa mmoja ng'ambo ya jiji, akaelekezwa mlango wa jikoni na kukabidhiwa aproni. Wanamuziki huingilia huku, mpishi alimwambia, nao hula baada ya wageni kushiba. Heshima ya wapi hiyo!

Nyuma yake alikuja Mzee Gotlibu, mpiga kinanda wa kundi lao, aliyefariki Ujerumani miaka mia tatu iliyopita. Siku hizi anaishi Dandora, ambako moshi wa jaa haumsumbui tena. Alijifunga aproni bila kuitazama.

"Hata enzi zetu tulivaa sare ya watumishi," alisema. "Unatunga wimbo kila Jumapili, halafu unakula na mpishi. Ukiomba kuhama, bwana anakufunga jela."

"Woi, Mzee! Na ukavumilia?"

"Nilivumilia. Nikafa."

Wakaanza kupiga. Muziki wa enzi za Mzee Gotlibu una sheria moja anayoipenda Muhonja: besi, ile sauti nzito ya selo yake, haipumziki. Fidla zijirembe huko juu zitakavyo, besi inatembea chini mpaka wimbo ufike nyumbani.

Wimbo ukiwa katikati, mheshimiwa akapiga makofi. "Inatosha! Nataka kuhutubia."

Fidla zikanyamaza, na Muhonja akainua upinde kutoka kwenye nyuzi. Besi ikaendelea, ikitoka sakafuni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mheshimiwa alijitahidi kupaza sauti. Wageni walisikia besi tu, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Jumatatu mheshimiwa alimpigia Muhonja simu. "We msichana, njooni mmalize kitu chenu, bado kinalia sakafuni. Hata sufuria zinatetemeka."

"Tutakuja kwa mlango wa mbele," Muhonja alisema, "na tutakula mezani na wageni."

"Wanamuziki huingilia jikoni."

"Basi izoee."

Akakata simu. Alijua hataitwa tena nyumba yoyote ya mtaa ule, na nyumba hizo ndizo zilizokuwa zikimlisha. Hakujuta hata chembe. Mzee Gotlibu alimwomba amfundishe kulitamka lile neno, "izoee", akawa analirudia mpaka ugali ulipoiva.

Mheshimiwa ameajiri kundi lingine. Nao huingilia jikoni, huvaa aproni, na kila wimbo wanaopiga hufuata besi ya Muhonja, maana haijafika nyumbani.