Sauti ya Shangazi Verlie

Mchana wa Ijumaa moja ya mwaka 1949, Verlie Stidham aliingia katika mgahawa wa Delphard Noble, kwenye bonde la makaa ya mawe la Sorrel Fork, Kentaki. Alikuwa katikati ya kuagiza kahawa sauti ilipomhama kooni. Mchimbaji mmoja alikuwa ametumbukiza sarafu katika sanduku la muziki, na sauti ya Verlie ilikuwa tayari inaimba humo, ikisindikizwa na gitaa. Verlie akasubiri, mikono juu ya kaunta. Santuri ilipokwisha, akamalizia:

"Na krimu kidogo."

Delphard akamtilia krimu.

Wimbo ulikuwa wa Verlie. Aliutunga mwaka ambao paa la mgodi lilimwangukia mumewe, Orbin. Baadaye mgeni mwenye kofia pana alipanda hadi barazani kwake na mashine ya kunasia sauti, akaomba aimbiwe. Huko milimani mgeni aombaye wimbo haulizwi anautakia nini. Huimbiwa, kisha akapewa mkate wa mahindi. Mgeni alinasa, akala, akashukuru sana. Santuri ilipotoka, jina lake, Buck Tarrant, lilikuwa limeandikwa mara mbili: kama mtunzi na kama mwimbaji. Wasikilizaji walimsifu Buck kwa kujaliwa koo laini kama la mwanamke.

Kila santuri ilipopigwa, popote pale, sauti ilimhama Verlie mpaka wimbo uishe; hivyo kadiri ulivyopendwa, ndivyo alivyozidi kuwa bubu. Vijana wa bondeni waliokwenda kufanya kazi katika viwanda vya Ohayo waliupiga kila walipokumbuka kwao, nao walikumbuka kwao hasa wakishalewa.

"Shangazi, umetutoa kimasomaso," Delphard alimwambia. "Bonde zima sasa linajulikana."

"Mimi sijulikani."

"Aa, Shangazi nawe! Hata gitaa umewekewa, bado unanung'unika?"

Verlie alitaka jambo moja tu. Katika Jumapili ya kupamba makaburi, mjane humwimbia marehemu wake kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu. Asipofanya hivyo, huhesabiwa kuwa amemsahau. Kwa bahati njema, Jumapili masanduku ya muziki huchomolewa umeme, huku na Ohayo, kwa heshima ya Mungu. Siku hiyo koo lilikuwa lake.

Jumapili ilipofika, wanawake walitandaza vitambaa juu ya majani, wakapanga kuku wa kukaanga na keki. Verlie akasimama penye kaburi la Orbin, ameshika shada la maua ya karatasi yaliyochovywa katika nta. Akaimba neno la kwanza, kisha la pili. Sauti ilikuwa imechoka kwa safari nyingi, lakini ilikuwa imerudi nyumbani.

Neno la tatu halikutoka.

Delphard alikuwa amelipandisha sanduku lake la muziki kilimani kwa lori la makaa, akalifunika blanketi nyuma ya kanisa na kuvuta waya kupitia dirishani. Mchungaji Elihu alitoa kibali, kwa kuwa wimbo ulikuwa wa maombolezo.

"Pumzika, Shangazi!" Delphard alipaza sauti, uso umejaa furaha. "Tumekuletea ule wenye gitaa!"

Watu walilia machozi ya kweli. Verlie alifumbua na kufumba mdomo kwa adabu, asije akamwaibisha Delphard mbele ya kanisa.

"Leo kaimba," mama mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Mwaka jana alikuwa anavuta kamasi tu."

Santuri ilipokwisha, mchungaji alivua kofia.

"Tumshukuru Mungu," alisema, "aliyempa ndugu yetu Buck Tarrant maneno haya, ili na mjane huyu apate cha kumwimbia mumewe."

"Amina," wakaitikia.

Verlie alihisi sauti ikimrudia kooni. Akamgeukia mchungaji, akavuta pumzi.

"Mchungaji, wimbo huo ni—"

"Rudia, Delphard!" mtu alipiga kelele. "Tupe tena!"

Delphard hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili. Akatumbukiza sarafu nyingine.

Verlie akainama, akaliweka shada juu ya kaburi, akaunyoosha utepe wake. Kuku alikuwa anapoa, hivyo watu wakaanza kula. Nyuma ya kioo cha sanduku, sauti yake ilimlilia Orbin vizuri sana, na jina la Buck Tarrant likawa linazunguka katikati ya santuri.