Chokaa Isiyozimwa

Samaki alielea ubavu juu, jicho moja limekodolea mbingu. Akila alimwopoa kwa kata, akamfunga ndani ya jani la mti wa mkungu, akamfukia kwenye ndoo ya majivu walimokuwa wenzake. Kisha akanawa mikono, akanawa tena, akaingia jikoni kuteleka chai kwa uso mkavu wa mtu asiyejua lolote.

Kidimbwi kilikuwa katikati ya ua. Kilichimbwa na marehemu mume wa Bi Zohra, mavyaa yake Akila, yaani mama wa mumewe, ili maji ya mvua yatokayo darini yasipotee bure kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Samaki wake wadogo walikuwa na kazi yao, nayo ni kula viluwiluwi vya mbu. Mwaka ule wa vita, mji ulipojaa askari na homa, bwana afya alipita nyumba hadi nyumba na kioo kidogo mkononi, akirusha mwanga wa jua ndani ya kila birika. Palipokuwa na viluwiluwi bila samaki, hakubishana na mtu. Walikuja makuli na kifusi, wakafukia. Kidimbwi cha jirani kilikwisha kuwa sakafu ya kuanikia nguo, na bwana afya alikuwa amesema atarudi Ijumaa.

Akila alimwogopa bwana afya, lakini alimwogopa Bi Zohra zaidi. Tangu aletwe bibi harusi kutoka Machakos, hajapata kukaripiwa na mama huyu hata siku moja, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Aliyewahi kukaripiwa anajua hasira ya mwenzake inaishia wapi. Asiyekaripiwa hukaa akingoja. Kazi ya kuopoa majani ya mkungu, yaliyodondoka kutoka ua wa pili, ilikuwa yake yeye. Masika yote hakuyaopoa. Yalikuwa mekundu, yakielea kimya, na katika mji huu wa kelele na joto ndicho kitu cha kwanza alichokipenda. Yakalala, yakaoza, maji yakawa rangi ya chai ya rangi, na samaki wakaanza kuja juu kutweta.

Ajabu ni kwamba kila asubuhi Bi Zohra aliketi kwenye ngazi ya kidimbwi, akavunjavunja mkate na kuutupa majini, akitabasamu. "Leo wana njaa," husema. Au, "Leo wameshiba." Akila alisimama nyuma yake, akiamini kwamba mama yule anajua kila kitu, na anamchezea kama paka amchezeavyo panya kabla ya kumla.

Aliyemfungua macho ni Kache, mama wa Kigiriama aliyewaletea nazi. Alichovya kidole majini, akakionja, akatema. "Maji yenu yamechacha, bibi. Ni majani haya. Kwetu kisima kikichacha hutiwa chokaa. Kesho nitapita tanuuni inakochomwa, nikuletee."

Akila alifurahi mpaka akaona haya. Chokaa aliijua. Ilikaa ndani ya kijaluba cha tambuu cha Bi Zohra, laini kama siagi, naye ndiye aliyempakia kila jioni juu ya jani. Kitu ambacho bibi kizee hukitia kinywani kitamdhuruje samaki?

Kesho yake Kache aliacha mlangoni kikapu cha mawe meupe yaliyofunikwa gunia, akaenda mbio kuwahi wateja wake wa Makupa. Hakueleza neno. Katika mji uliopakwa chokaa kuanzia msingi hadi paa, haikumpitikia kwamba yuko mtu mzima asiyejua kuwa chokaa itokayo tanuuni huzimwa kwanza ndani ya debe, ikalazwa, ndipo ikaguswa.

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Bi Zohra amejinyoosha ghorofani, na Sattar, mwanawe na mume wa Akila, yuko dukani. Akila alibeba nusu ya mawe kwa upindo wa nguo, akayatupa pale penye ngazi, yote kwa pamoja, kama atupaye ushahidi.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha maji yakafoka. Mawe yakapasuka kwa mlio wa mahindi kikaangoni, povu likapanda, moshi mweupe ukainuka, na joto likamvamia usoni. Samaki waliosalia wakachomoka kwenda upande wa mbali. Akila alirudi kinyumenyume, mkono mdomoni. Alikuwa amekichemsha kidimbwi cha marehemu.

Hapo ndipo ilipoadhiniwa.

Mlango wa ghorofani ukalia. Mitalawanda ya Bi Zohra, viatu vyake vya mti, ikaanza kushuka, taratibu, ko, ko, kiganja chake kikisugua ukuta kama kawaida yake. Anakuja kutawadha, na atatawadha pale pale atawadhapo siku zote. Akila alitaka kusema lolote: Mama, leo tawadhia bafuni. Badala yake akarudi nyuma hatua moja zaidi. Alijua tu kwamba sasa mama ataona moshi, atauliza, na hasira iliyowekwa akiba mwaka mzima itamwagika.

Lakini Bi Zohra hakuuliza. Alitokeza uani, akaufuata ukuta, akaingia ndani ya moshi kama mtu aingiaye chumbani mwake. Akainama. Kata ikashuka kuelekea povu.

"Usiguse!"

Akila hakuitambua sauti yake. Aliruka, akaipiga ile kata, ikabingirika sakafuni. Alikuwa ameupiga mkono wa mavyaa yake. Maneno yakatoka yenyewe.

"Nimetia chokaa, Mama. Samaki wanakufa. Wanakufa tangu masika, nami nawafukia kwenye majivu. Majani sikuyaopoa. Ni mimi."

Bi Zohra alisimama wima, akivuta pumzi kwa pua. "Nimesikia harufu ya nyumba mpya," alisema polepole. "Nikadhani jirani anapaka kuta."

"Lakini Mama, moshi hukuuona?"

Swali lilikwisha kutoka kabla Akila hajalipima. Mkono wa mama ulirudi ukutani, ukashika. Sasa aliyeogopa hakuwa mmoja, na Akila aliiona hofu ile, kwa kuwa ilikuwa ya umbo lile lile la kwake.

"Sattar asijue," alisema Bi Zohra. "Alikwisha kunambia, macho yakiniishia atanipeleka Tanga kwa dada yangu, nikatunzwe. Tanga sijui ukuta hata mmoja, mwanangu. Humu uani sihitaji mkono wa mtu."

"Na samaki, Mama? Kila siku wawaambia wameshiba."

"Nilikuwa nawasikia. Siku hizi siwasikii sana. Nikasema labda na masikio nayo yanaaga."

Akila alimshika mkono, akamketisha ngazi ya juu, mbali na povu. Akamletea maji ya mtungi, akammiminia, kiganja kwa kiganja, mpaka udhu ukatimia. Povu lilikuwa limetulia. Weupe ulienea polepole, ukafika kila pembe.

"Kama yamebaki mawe, yazime ndani ya debe," Bi Zohra alisema. "Kesho utie kidogo, upande wa pili. Waonaje, wapo?"

"Sioni kitu, Mama. Maji yote yamekuwa meupe. Kama maziwa."

"Ndivyo ninavyoona mimi," alisema Bi Zohra. "Kila siku, kila kitu."

Ijumaa ilikuwa inakuja na kioo chake, na Sattar angerudi jioni. Akila aliketi ngazi ile ile, bega kwa bega na mama, akatumbulia macho weupe usiompa chochote.

"Usitazame," Bi Zohra alimnong'oneza. "Sikiza."

Akila alisikia kunguru juu ya mkungu, na moyo wake mwenyewe. Kisha Bi Zohra akainua kidole, akakielekeza pembe ya mbali penye vyungu vya asumini.

"Pale. Mmoja."

Akila hakuwa amesikia kitu. Alichukua kipande cha mkate kilichobaki ngazini tangu asubuhi, akakivunja, akatupa pale kidole kilipoelekea.