Mita Mbili na Robo Upande wa Mashariki

Mjomba wangu Fintan Durcan ana treni arobaini na moja, na hakuna hata moja inayoweza kumbeba paka. Ukiziita za kuchezea mbele yake, chai yako inaishia hapo hapo, hata kama umeshaitia maziwa. Ni reli ya mfano, tafadhali. Imejaza banda zima nyuma ya nyumba: stesheni yetu ya Carrickduane kama ilivyokuwa Jumanne moja ya Julai mwaka 1961, siku ya mnada, na kila ng'ombe amepakwa rangi kwa brashi nyembamba kuliko ukope.

Treni ya kweli iliacha kuja kabla mama yangu hajazaliwa. Reli ziling'olewa, nyasi zikaota, na mjomba akaja kuunda Kamati ya Kurudisha Treni, ambayo kwa miaka ishirini na nane imekutana kila mwezi katika chumba cha nyuma cha baa ya Gaughan, na kilichorudishwa ni glasi tupu tu. Katibu ni mimi. Walinichagua kwa sababu nasoma chuo Galway, na safari yangu ya basi ni ndefu kiasi cha kutosha kuandika kumbukumbu za kikao, kuzisahihisha, na kuzijutia. Kabla ya kila uchaguzi anakuja mgombea, anapigwa picha akinyoosha kidole kuelekea kwenye magugu. Tuna vidole tisa ukutani.

Kamati inasamehe kila dhambi isipokuwa moja. Reli za Ayalandi ni pana kuliko za Waingereza, lakini reli za mfano zinazouzwa madukani zimepimwa kwa upana wa Kiingereza. Watu wenye akili zao hununua hizo na kuendelea na maisha. Mjomba hutengeneza zake kwa mkono, taruma moja moja. Siku P.J. Noone, jirani yetu, alipothubutu kuleta kipande cha dukani, chembamba kwa milimita nne na nusu, alifukuzwa kamatini miaka sita. Mkewe alikuja na keki kumwombea msamaha. Keki ilipokelewa.

Sasa, mwaka jana serikali ikatuaibisha: ikakubali. Injinia Sorcha Lavelle akatoka Dublin na ramani pamoja na mzigo wa vigingi vya rangi ya machungwa, na mji mzima ukamfuata nyuma kama bata. Padre alibariki vigingi, akabariki gari la injinia, akambariki na mbwa aliyekuwa akivikojolea.

Tulipofika uani kwa mjomba, kila mtu alishika pumzi. Banda lile nani alilikalisha hapo ila yeye mwenyewe? Alilijenga makusudi juu ya njia ya zamani, ili jukwaa lake dogo likae palepale lilipokuwa jukwaa kubwa. Miaka yote tunapiga kelele treni irudi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza itapita wapi.

Injinia akapima, akapiga kigingi. Kilisimama nje ya ukuta wa banda. Treni ingepita kando, salama salimini.

"Fintan," alisema Noone, "Mungu anakupenda kuliko sisi wengine. Utakuwa na zote mbili!"

Mjomba hakucheka. Alikuwa ameinamia ramani ya injinia kama daktari aliyeona kitu kwenye picha ya mapafu. Akanivuta pembeni.

"Nuala, wamekosea. Hii ni njia ya pembeni, ya kupakilia ng'ombe. Njia kuu ilikuwa mita mbili na robo upande wa mashariki."

"Mashariki ni wapi hapa, mjomba?"

Akanionyesha banda kwa kidevu.

"Basi funga mdomo."

Aliufunga. Tangazo likabandikwa kwenye nguzo, wiki tano za kupokea maoni ya wananchi. Wiki ya kwanza aliacha kula soseji. Wiki ya tatu aliacha kwenda baa, na Gaughan mwenyewe akaja kuuliza kama kuna msiba. Wiki ya nne akaja jikoni kwetu na bahasha ya picha za zamani.

"Wewe ndiye katibu. Andika."

"Niandike nini? Pingamizi?"

"Marekebisho."

"Mjomba, treni haina kumbukumbu. Itapita popote utakapoilazia chuma."

"Dirisha la mkata tiketi litatazamana na ukuta, binti. Ukuta! Abiria atashuka mahali ambapo hakuna aliyewahi kushuka isipokuwa ng'ombe."

"Na nani atajua?"

"Mimi."

"Reli zako umezigandisha kwa plasta. Zikisogezwa zinavunjika. Miaka ishirini na miwili, mjomba!"

"Najua zilivyojengwa. Nilizijenga mimi."

Nilikataa. Akaandika kwa mkono wake, kurasa kumi na moja, na michoro, na mishale myekundu.

Injinia Lavelle alileta jibu mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kiti, koti bado mwilini.

"Mzee Durcan, uko sahihi. Tulifuata mchoro usio wenyewe."

"Nilijua."

"Kwa treni haikuwa na tofauti yoyote."

"Nilijua hilo pia."

"Lakini sasa liko kwenye maandishi, na likishakuwa kwenye maandishi inabidi tulifuate." Akatazama dirishani, kuelekea bandani. "Kwa nini hukunyamaza tu, baba yangu?"

"Nyinyi mngenyamaza?"

Mama wa watu akajibu kwa kunywa chai yote bila sukari.

Siku ya kubomoa hakualika mtu. Walikuja watu hamsini, wengine na viti. Injini na mabehewa alikuwa amevitoa na kuvifunga ndani ya soksi. Kilichobaki, yaani stesheni, jukwaa na reli alizozilaza kwa mkono, kilikwenda na ukuta wa kwanza. Kilitoa sauti ndogo, kama mtu anayekanyaga biskuti. Noone alivua kofia. Mjomba akamwelekeza dereva wa tingatinga: "Taratibu hapo, kuna jiwe chini."

Na kweli lilikuwepo. Sakafu ilipoondolewa, ukingo wa jukwaa la zamani ukatokea, mawe yake yamepangwa kama meno. Watu walipiga makofi. Injinia akampa mkono. Mjomba hakuuona, alikuwa amepiga magoti topeni na futi kamba yake, anapima kutoka kwenye kigingi cha kwanza hadi ilipokuwa njia kuu. Alisoma namba. Akafuta miwani, akasoma tena.

"Ngapi?" nikauliza.

"Mita mbili na sentimita ishirini na nane."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Nilisema ishirini na tano," alisema mjomba wangu, na hapo ndipo alipotoa leso.