Ile ya Jumatatu

...na hapo kwenye mstari wa tisa akaacha kusoma, kidole cha shahada bado kimeukandamiza mstari kana kwamba utatoroka, naye sajini, mama wa miaka hamsini na ushei ambaye kituo kizima kinamwita Mama Fomu kwa sababu hata mtu aingie anavuja damu ataambiwa kwanza fomu, akajikohoza, akanywa funda la chai iliyopoa zamani, akarudi kwenye karatasi na maneno ni yale yale, hayakubadilika kwa kukohoa, Nilifika kituoni siku ya Jumanne asubuhi nikiwa nimeshaoga, hati yake mwenyewe, nzuri, ya kulala upande, na binti amekaa upande wa pili wa meza, kalamu mkononi, anasubiri asomewe mpaka mwisho atie sahihi, ndio utaratibu, maelezo husomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe, akiridhika anasaini, asiporidhika anasema, lakini huyu hatasema, huyu ni wa ndiyo mama, sawa mama, asante mama, asante ya nini sasa... saa ya ukutani inaonyesha saa nne kasoro dakika kumi na mbili, na saa nne ikigonga mlango wa selo unafunguliwa, mkuu wa kituo kasema, tena hakupaza sauti, "Saa ishirini na nne zinatimia, sajini, sheria ni sheria, ama uniletee faili lenye kitu ndani nilipeleke kwa mwendesha mashtaka, ama mtu aende kwake," na kitu ndani ndicho hakuna, kuna fomu ya hospitali ambayo daktari kaandika mstari mmoja kwamba hakuona alama na mgonjwa alikuwa ameoga, kuna gauni ambalo shangazi yake binti alilifua kwa sabuni ya unga na kulianika mpaka likakauka kau, kuna neno la huyu binti, fundi cherehani wa miaka kumi na tisa, dhidi ya neno la mwenye karakana aliye selo, bwana wa vyerehani kumi na vinne, mwenye wakili, na wakili huyo tangu saa mbili yuko kwenye benchi la nje, kapandisha mguu juu ya mguu, jana aliuliza swali moja tu, kwa adabu zote, "Afande, kama alitendewa Jumatatu jioni, mbona alioga, akalala, akafuliwa nguo, ndipo akakumbuka kuna polisi?" na Mama Fomu akamwambia hayo ayaweke kwa ajili ya mahakama, jibu la kiofisi, akaingia chooni akafungulia bomba, akasimama tu pale anayatazama maji.

"Umechoka, mama?" binti anauliza, na yeye anasema hapana, ni macho tu, macho wapi, macho yanaona vizuri mno, yanamwona hivi sasa na yanamwona Jumatatu, maana hakukumbuka polisi Jumanne huyu, alikumbuka hiyo hiyo Jumatatu, alikuja saa moja kasoro jioni, karakana mpaka hapa ni mwendo wa robo saa na alikuja moja kwa moja, Mama Fomu yuko peke yake anafunga dirisha, mkoba uko begani, kitabu cha matukio keshakifungia kabatini, wa zamu ya usiku hajafika, kama kawaida yake, mara mlango unasukumwa na huyu hapa, tepu ya kupimia nguo bado imemning'inia shingoni, kifungo cha kifuani hakipo, uzi umebaki, kandambili mguu mmoja tu, akasema "Bosi wangu" halafu akasema tena "Bosi wangu" na zaidi ya hapo hakuweza, meno yanagongana, na Mama Fomu alipomshika kidevu kumtazama hakuona mlalamikaji, aliona mtoto, umri wa kitinda mimba wake yule yule, kachafuka, kamasi na mafuta ya mashine, na neno likamtoka, wala halikutoka kwenye sare, lilitoka jikoni, "Nenda nyumbani mwanangu, ukaoge maji ya moto, ubadilishe nguo, ulale, kesho asubuhi uje nikuandike," akamfunga khanga yake mwenyewe kiunoni, akamsindikiza mpaka getini, akarudi nyumbani kwake anajiona katenda la maana... ndivyo alivyolelewa, marehemu mama yake hakuwa na mchezo kwa hilo, mtoto akirudi analia, kaanguka, kapigwa, kazomewa, kwanza beseni, maji, dodoki, mtoto anasuguliwa mpaka kilio kinaisha chenyewe, ndipo anaulizwa haya nani kakufanya nini, kwanza maji, kesi baadaye, na hiyo sheria ya mama imekaa mwilini miaka yote, wakati semina imekaa kichwani siku tatu, na semina yenyewe alihudhuria, alipewa cheti, alirudi akawafundisha wenzake, tena kwa ukali, asioge, asibadilishe nguo, msimruhusu hata anawe mikono, mkimwosha mmemwosha na kesi yake, akabandika na bango, lile pale nyuma ya kiti chake, herufi nyekundu, USIOGE, USIFUE NGUO, FIKA KITUONI MARA MOJA, kila anayekuja hapa analisoma ila yeye, maana yeye ameligeuzia mgongo, na sasa hivi anajua bila kugeuka kwamba binti analisoma, macho yamepita juu ya bega lake, midomo inacheza kidogo kidogo, na anapomaliza anateremsha macho kwenye mapaja yake na kusema polepole, si kwa mtu, "Ningejua," basi, hilo tu, ningejua, na Mama Fomu akaelewa, huyu mtoto anajilaumu, anadhani kaiharibu yeye.

Sema basi, mdomo huo unao, unaotisha walevi, sema... lakini akisema itakuwaje, maji yakimwagika hayazoleki, faili halitapata alama za mwilini kwa sababu yeye kaungama, mkuu atamwondoa kwenye dawati hili la jinsia kesho asubuhi, na akiondoka yeye nani atakaa hapa, atakaa koplo, yule bonge, ambaye swali lake la kwanza kwa kila mwanamke ni ulikuwa umevaa nini, la pili mlijuana tangu lini, kwa hiyo bora yeye abaki, kwa faida ya mabinti wengine wote wajao, mia, mia mbili, kwa nini wakose mtu kwa sababu ya mstari mmoja... hoja nzuri hiyo, imenyooka, ameikariri tangu juzi akisugua sufuria, na kila akiikariri inanyooka zaidi, na mtu hoja yake ikinyooka hivyo ajichunguze, maana ukweli kwa kawaida una kona kona. Na koplo huyo huyo jana jioni alimfuata kwenye korido, funguo za selo anazizungusha kidoleni, "Mama, nipe dakika kumi tu na yule bwana, ataimba," na yeye akamwambia thubutu, nitakuandika wewe, kwa sababu aliwahi kuona mtu akiimba, mlinzi wa bohari, miaka kumi na mbili nyuma, kesi kama hii hii, walimpa hizo dakika kumi na mlinzi akakiri kila alichoulizwa, angeulizwa nani kaiba mwezi angekiri pia, na hakimu alipoona kucha zilivyong'olewa akamwachia, na mtendaji wa kweli hakutafutwa tena na mtu, akabaki mtaani ananunua mkate, na yule mwanamke akahama mji, kwa hiyo hapana, kwenye mwili wa mtu polisi ana mpaka, kwenye mlango wa selo ana mpaka, na Mama Fomu anaijua mipaka hiyo na anailinda, hata jana aliilinda na akatembea kifua mbele, lakini juzi, Jumanne, aliketi kwenye kiti hiki, akachukua kalamu ya senti mbili, na juu ya karatasi hakuna aliyemwekea mpaka, binti alisema, kwa mdomo wake alisema, "Jumatatu si nilikuja, ukaniambia..." na yeye akamkata, kwa sauti ya upole kabisa, "Ile ya Jumatatu haihesabiki, mwanangu, haikuandikwa kitabuni," na binti akasema sawa mama, na yeye akaandika Jumanne. Hakumpiga mtu kibao, hakufunga mtu minyororo, akaandika Jumanne tu, na kwa neno hilo moja kampa wakili aliye nje swali lake, mbona alilala akaoga, ni yeye aliyempa, kamkabidhi mkononi, kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya huyu mtoto alikuwa ni yeye, aliyemfunga khanga.

Mbona alilala akaoga... subiri, rudi nyuma kidogo, hakulala kwanza, alikuja kwanza, ndani ya robo saa, na alipokuja alikutwa na mtu, na mtu huyo aliona, kifungo, uzi, tepu shingoni, kandambili moja, meno yanayogongana, alisikia Bosi wangu mara mbili, siku tatu sasa Mama Fomu anazunguka mji mzima na buti hizi kutafuta aliyeona, kawahoji mafundi wote, kila mmoja alishatoka, kila mmoja ana watoto wa kulisha, kamhoji muuza vocha wa mlangoni, kamhoji hadi mfagiaji, jamani hakuna mtu hata mmoja aliyemwona huyu binti jioni ile, na usiku akilala anaota anauliza hivyo hivyo, na kumbe aliyemwona anapiga mswaki kila asubuhi mbele ya kioo chake mwenyewe... shahidi yupo, miaka ishirini na saba kazini, hati nzuri, cheti cha semina, shahidi ambaye hakimu atamsikiliza, ila shahidi huyo akisimama itabidi aseme yote, hawezi kusema aliona uzi asiseme alichomwambia mwenye uzi, na faili itabidi amwachie mwingine, na dawati, na wakili atamgeuza na kumgeuza, ikawa ni wewe afande uliyeharibu ushahidi, ndiyo bwana wakili, na ni wewe uliyeandika uongo, ndiyo bwana wakili, mbele ya watu, mbele ya koplo, na pengine bado isitoshe, pengine bwana wa vyerehani kumi na vinne ashinde hata hivyo, na saa nne ikifika leo atatoka, hilo halizuiliki, wala yeye hatalizuia, lakini mtu aliyetoka anaweza kuitwa tena, karatasi iliyosainiwa haiitwi tena... mbona amechoka hivi, mgongo, magoti, mpaka ulimi, na ajabu ni kwamba si uchovu wa jana, ule wa jana alikuwa anaubeba kwenda nao mahali, huu umemfikisha.

"Mama," binti anasema, "tumefika wapi?" na saa ya ukutani ni kasoro dakika nane, chai ile ile, kidole kiko mstari wa tisa pale pale, nje benchi linalia, labda wakili amebadilisha mguu, na Mama Fomu anasikia sauti yake mwenyewe ikiwa kavu, ndogo, "Hapa nimeandika ulikuja Jumanne," na binti anasema ndiyo mama, ulisema ile ya Jumatatu haihesabiki, na yeye anasema, "Nilisema hivyo. Na kuoga, mwanangu, nani alikwambia ukaoge?" Binti akatazama bango, akatazama kalamu, halafu akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akamtazama muda mrefu mpaka Mama Fomu akaona haya, na hakusema ndiyo mama wala sawa mama.

"Wewe," akasema.

"Ndiyo," akasema Mama Fomu. "Ni mimi. Usisaini hiyo."